Tanga hadi Diani kwa Ndege

Injini ilianza kukohoa walipokwisha kuupita mpaka. Rubani, Bwana Stavro, alikuwa akiwaeleza abiria wake habari za hoteli za Diani. Akanyamaza katikati ya neno, akainamisha kichwa kusikiliza.

Nyuma yake Mwanafatuma alizibana kanga zake magotini. Hakuwahi kupanda ndege kabla ya asubuhi ile. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mgahawa wa chai na mahamri huko Ngamiani, Tanga, na hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba sauti ile haikuwa ya heri. Aligeuka kumtazama Jumbe, aliyekaa kiti cha kando yake. Jumbe alikuwa fundi cherehani. Alikuwa pia mumewe wa zamani, na tangu walipoachana miaka ilikuwa imepita mingi kuliko ile waliyokaa pamoja.

Kilichowakutanisha ndani ya ndege moja ni simu iliyofika kutoka Msambweni. Binti yao Esha, aliyeolewa huko, alikuwa amelazwa hospitali. Uchungu umemshika na mtoto hatoki. Wazazi waje haraka. Ilikuwa mwezi wa Mei, mwaka wa sitini na nne, na masika yalikuwa yamechachamaa. Mto Umba ulifurika ukalala juu ya barabara, malori yakasimama pande zote mbili za maji. Lakini Jumbe alikuwa akishona viti vya magari ya shamba moja la mkonge, na hata viti vya ndege ndogo ya shamba hilo, na alisikia kuwa ndege inakwenda Diani kumchukua meneja. Akaomba nafasi akapewa. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu siku ya talaka: alikwenda kubisha hodi kwa Mwanafatuma.

"Mama Esha," alisema, bila kuvuka kizingiti, "ziko nafasi mbili."

Kiwanjani Mwanafatuma alimwuliza rubani jambo moja tu, nalo ni muda wa safari. Bwana Stavro alikuwa Myunani aliyezaliwa Muheza, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kitanga hasa. Alimjibu kuwa kutoka kiwanja cha Tanga hadi kile kiwanja cha nyasi cha Diani ni maili sitini na tano kwa anga. Nusu saa na ushei, kama upepo haukuleta ukorofi. Mwanafatuma alizaliwa Majoreni, upande wa Kenya, na njia ile aliijua kwa lori, kutwa nzima ya vumbi wakati wa kiangazi. Nusu saa ilimpa moyo. Alijiambia kuwa adhuhuri itamkuta amemshika Esha mkono.

Sasa mbele yao lilisimama wingu jeusi kutoka baharini hadi bara, halina mlango. Bwana Stavro alijaribu kulizunguka kwa upande wa bahari. Watu waliokuwa Vanga asubuhi ile waliiona ndege ikielekea kwenye maji makuu, na hilo ndilo walilowaeleza wakubwa baadaye. Ndiyo sababu waliokwenda kuwatafuta waliwatafuta baharini. Hakuna aliyeiona ilipogeuka. Mvua iliipiga kioo hata pasionekane kitu, injini ikakohoa tena, ikashika, ikaachia. Palibaki sauti ya upepo na mvua.

"Fungeni mikanda," alisema rubani. "Tunarudi nchi kavu."

Nchi kavu haikuwapo. Walipotoka chini ya wingu waliona msitu wa mikoko, kijani kitupu, na ndani yake ukanda wa kijivu, tope lililoachwa na maji yaliyokupwa. Bwana Stavro aliulenga ukanda ule. Magurudumu yaligusa, yakateleza, yakazama. Mkia ukanyanyuka, pua ya ndege ikajichimbia topeni, na kitu kikampiga Mwanafatuma mkononi kwa nguvu hata akadhani umekatika.

Alipofumbua macho alikuwa ananing'inia kwenye mkanda. Mkono ulikuwa umechanwa na bati kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja, lakini vidole vilitii. Jumbe alikuwa ameshajifungua, uso umejaa damu ya pua. Bwana Stavro hakuweza kutoka. Sehemu ya mbele ilikuwa imembonyea juu ya mguu wa kushoto, na walipomvuta alizirai. Walimtoa hivyo hivyo, amezirai, na pengine ilikuwa rehema, kwa maana paja lilikuwa limevunjika na chini ya goti nyama ilikuwa imefunguka.

Mwanafatuma alikata fito za mikoko kwa kisu cha rubani. Alichana kanga yake moja vipande virefu, wakaunyosha mguu wakaufunga. Halafu wakaketi kwenye bawa, mvua inawanyeshea, kila mmoja anasubiri mwenziwe aseme la kufanya.

Jumbe alikuwa akiutazama mkono wa Mwanafatuma.

"Damu haikomi," alisema.

"Itakoma."

"Haikomi, Mama Esha. Ninayo sindano."

Ilikuwa imechomekwa nyuma ya ukosi wa shati lake, kama ilivyokuwa siku zote, na uzi umezungushiwa juu yake. Alisogea, akanyosha mikono, kisha akasita. Alikuwa hajamgusa tangu alipomwacha, na hakuwa na haki ya kumgusa. Mwanafatuma aliliona hilo.

"Hii ni dharura, Baba Esha," alisema. "Shika."

Akashona. Alivuta ngozi kwa ngozi polepole, mvua ikimwosha damu vidoleni, na Mwanafatuma aliuma ncha ya kanga akautazama msitu. Alikumbuka kuwa mtu huyu, walipokuwa mume na mke, hakuweza kukaa karibu na maumivu ya mtu. Usiku Esha alipozaliwa alitoka akaenda kukaa barazani kwa jirani hadi kulipokucha. Sasa hakuiondoa mikono yake mpaka alipokata uzi kwa meno.

Bwana Stavro alizinduka. Alipoelezwa hali akasema wasiondoke kwenye ndege, watu watakuja. Lilikuwa shauri la busara, nao walilifuata. Tatizo ni kwamba maji yalianza kurudi. Yalikuja kimya kati ya mizizi, rangi ya chai ya maziwa, yakaijaza mifereji kwanza, kisha yakalifunika tope lote. Iliwabidi wampandishe majeruhi juu ya mkia na kumshikilia hapo, huku maji yakipanda hadi kwenye madirisha. Alasiri walisikia ndege nyingine. Ilikuwa mbali, upande wa baharini, juu ya mawingu. Ikapita na kurudi, ikapita tena, kisha ikapotea.

Usiku ule mvua haikukatika. Iliwatesa kwa baridi, lakini pia iliwapa maji ya kunywa. Mwanafatuma alitandaza kanga iliyobaki, akaikamua ndani ya chupa ya chai ya rubani mpaka ikajaa. Maji yalikupwa, yakajaa tena kabla ya alfajiri, na safari hii yaliyavuka madirisha. Kulipopambazuka alipanda kwenye mzizi akaitazama alama ya tope kwenye magogo. Alama mpya ilikuwa juu kuliko ya jana.

"Bamvua inakuja," aliwaambia. "Kila maji yatapanda kuliko ya kwanza. Kesho mkia huu utakuwa chini."

"Mzee Jumbe anaweza kukaa juu ya mti," alisema Bwana Stavro. "Wewe pia, mama. Mimi siwezi."

Hakulalamika, alikuwa akieleza tu. Mwanafatuma alikuwa ameshakata shauri.

Mlango mmoja wa ndege ulikuwa umeng'oka. Waliulaza juu ya tope, wakamlaza rubani juu yake, wakamfunga kwa mikanda ya viti, na ile mingine wakaiunga kuwa kamba ya kuvutia. Mlango uliteleza vizuri kuliko walivyotarajia. Wao wenyewe ndio waliozama. Tope liliwameza hadi magotini, pengine hadi mapajani, na kila hatua ilibidi mguu ung'olewe kama muhogo. Chini ya tope palikuwa na chaza wenye makali, na viatu vilikuwa vimekwishapotea. Waliufuata mfereji mpana. Mwanafatuma alisema anaufahamu. Utotoni alikuja na shangazi zake huku kuokota kaa, na mfereji ule, ukiufuata kuelekea juu, unakufikisha kwenye bandari ndogo ya Majoreni. Alilisema hilo kwa uhakika, naye Jumbe alimwamini.

Walivuta asubuhi yote. Mvua ilikuwa imekoma, mawingu yamefunguka, na mvuke ulipanda kutoka kwenye tope hata wakawa wanahema kama watu walio juu ya sufuria. Bwana Stavro alikunywa maji mengi kwa sababu homa ilikuwa imempanda, na hakuna aliyemnyima. Mfereji ulipinda, ukapinda tena, ukawa mwembamba. Mwishowe uliingia chini ya mikoko iliyosongamana hata mbwa asingepita, ukaishia hapo.

Mwanafatuma alisimama akaitazama mizizi ile kwa muda. Moyo wake ulikuwa umekwisha kumwambia tangu mfereji ulipopinda mara ya kwanza.

"Siko ninapodhani," alisema. "Nimewapoteza."

Alimngojea Jumbe aseme neno. Katika ndoa yao, neno kama hilo lingezaa mengine, na mwisho mmoja wao angetoka nje na mwenziwe angebaki kuongea na kuta. Jumbe aliketi juu ya mzizi. Nyayo zake zilikuwa zimechanjwachanjwa, na alikuwa akichomoa kipande cha gamba la chaza kisiginoni.

"Ulikuwa na umri gani ulipokuja huku mwisho?" aliuliza.

"Nilikuwa sijavunja ungo."

"Basi si wewe tu uliyekua," alisema. "Na mikoko imekua."

Hayo tu ndiyo yaliyosemwa kuhusu kosa lile, na hayakurudiwa tena.

Maji ya jioni yaliwakuta pale pale. Waliufunga mlango kwenye matawi kwa mikanda, juu kadiri mikono yao ilivyoweza kumnyanyua mtu mzima, na wao wakakaa kwenye mizizi, mmoja huku na mmoja kule, wakiushikilia usipinduke. Mbu walikuja. Bwana Stavro aliweweseka kwa Kiyunani, akarudi kwenye Kiswahili, akataka kujua kama meneja amekwisha kunywa chai. Kidonda kilianza kutoa harufu. Karibu na alfajiri alitulia, akamwita Mwanafatuma kwa sauti ya kawaida.

"Mama. Mkiniacha hapa juu mtakwenda upesi. Mkifika mtatuma watu."

"Mama yako yuko hai?" aliuliza Mwanafatuma.

"Yuko Muheza."

"Nikikutana naye nimwambie nilikutundika mtini nikaenda zangu?"

Jumbe, kutoka upande wa pili, alisema kuwa maji yakishuka wataanza tena, na kwamba rubani azitunze pumzi zake.

Kulipokucha walibakiwa na mafunda machache ya maji kwenye chupa. Kuiona njia kutoka chini hakukuwezekana, kwa hiyo ilibidi mtu apande. Mkono wa Mwanafatuma ulikuwa umevimba na haukuweza kubeba uzito. Jumbe alikuwa mtu wa cherehani tangu ujana wake. Kupanda kwake juu kuliko kote kulikuwa kupanda ngazi ya msikiti kubadilisha taa. Alichagua mkoko mrefu akaupanda kwa magoti na kifua, matawi yakivunjika chini yake, akasimama kileleni amekumbatia gogo, macho ameyafumba. Kisha akayafumbua.

"Nini?" aliita Mwanafatuma.

"Kuna mfereji mwingine. Nyuma yake mikoko ni mifupi. Halafu pana ardhi nyeupe, haina kitu. Halafu pana mikoche." Akanyosha shingo. "Na moshi."

Aliwaonyesha upande kwa mkono wake wote, akashuka vibaya.

Hapo palipoonekana karibu kutoka juu palikuwa mbali kwa mtu anayevuta mlango wenye mtu juu yake. Walikata mizizi, wakanyanyua, wakapitisha, wakanyanyua tena. Walipoufikia mfereji ule wa pili, maji yalikuwa yameanza kuingia. Hayakuwa mapana, lakini yalikwenda kwa nguvu. Kungojea yashuke kulikuwa ni kungojea usiku mwingine bila tone la maji ya kunywa, na walipomtazama Bwana Stavro, midomo yake imepasuka na macho yameingia ndani, waliona kuwa usiku mwingine yeye hanao.

Mwanafatuma alivuka kwanza na ncha ya kamba ya mikanda kiunoni. Kwake maji yalifika shingoni, na katikati yalimwinua, akapiga mbizi fupi kama alivyofundishwa utotoni, akaibukia ukingo wa pili. Akaizungusha kamba kwenye mzizi. Ng'ambo, Jumbe alimfunga rubani kwenye ncha nyingine ya kamba, akamsukuma majini, amelala chali, mlango ukiwa chini yake, na yeye mwenyewe akaingia nyuma, akikishika kichwa cha mgonjwa kisizame. Jumbe hakujua kuogelea. Alikuwa amelisema hilo kabla hawajaanza, mara moja tu, kama mtu anayetaja jina lake.

Walipofika katikati mlango uliingia maji. Ulipinda upande mmoja, ukajichomoa chini ya mgonjwa, ukaenda zake na mkondo. Bwana Stavro alizama na kuibuka, bado amefungwa kwenye kamba, naye Mwanafatuma alivuta kwa mikono yote miwili, wenye mshono na usio na mshono, hata akamkamata ukosi. Alipoinua macho, Jumbe hakuwapo.

Paliibuka kiganja, kikapotea.

Hakupata nafasi ya kufikiri. Alimwegemeza rubani kwenye mizizi kifua juu, akajitupa tena majini, akaishika kamba kwa mkono mmoja, na kwa mguu akapapasa mkondo mbele yake. Akagusa nguo. Akaupeleka mguu mbele zaidi, na kitu kikaushika, kikaung'ang'ania kwa vidole vyenye nguvu hata akahisi mfupa unauma. Akajivuta kwenye kamba, mkono kwa mkono, nyuzi zikikatika moja moja ngozini, mpaka mgongo wake ukapiga mzizi na mbele yake akatokea Jumbe, anatapika maji ya chumvi na tope.

Walilala pale wote watatu. Mwanafatuma aliutazama mkono wake. Nyuzi za chini zilikuwa zimeachia, za juu zimeshika.

"Niachilie mguu, Baba Esha," alisema baadaye.

Alikuwa bado ameushika. Aliuachilia kidole kimoja kimoja.

Mlango haukuwapo tena. Jumbe alimbeba rubani mgongoni, wakamfunga kwa kanga kama mtoto, mguu uliovunjika ukiburuzika na fito zake. Mikoko mifupi iliisha, na ile ardhi nyeupe ikafunguka mbele yao, uwanda wa chumvi, umepasukapasuka, jua limeukalia. Hapakuwa na kivuli popote. Jumbe alitembea hatua chache akapumzika kwa magoti, akanyanyuka, akatembea tena. Mwanafatuma alikwenda nyuma akiushikilia mguu wa mgonjwa usigonge. Ulimi wake ulikuwa mzito, umekuwa kama kitu cha mtu mwingine kinywani mwake. Alimfikiria Esha, na kila alipomfikiria alimwona mtoto mdogo mwenye vishungi viwili, siyo mwanamke aliye kitandani. Alijaribu kusali, akapoteza maneno, akaanza upya.

Jumbe alianguka karibu na mikoche ya kwanza. Hakusimama tena. Mwanafatuma alimfungua mgonjwa, akawalaza wote wawili kwenye kivuli kidogo kilichokuwapo, akaenda peke yake. Alikwenda kwa kuushika mti mmoja hadi mwingine. Moshi hakuuona, ila aliinusa miaa ya mikoche iliyokatwa, harufu mbichi ya kijani.

Mwanamke aliyekuwa akiikata aliitwa Biasha, Mdigo wa kijiji cha karibu, aliyekuja kutafuta miaa ya mikeka. Baadaye alisimulia kuwa aliponyanyua kichwa na kuona kitu cha tope kinamjia kimesimama wima, alipiga ukelele akainua mundu. Kile kitu kikasema:

"Shikamoo."

Biasha alikuwa mdogo kuliko Mwanafatuma kwa miaka mingi, hakuwa yeye wa kuamkiwa. Lakini salamu ilimtuliza. Pepo hawaamkii. Akashusha mundu, akaitikia kwa aibu, akampa kibuyu. Mwanafatuma alikunywa mara moja, akakiondoa kinywani ingawa mikono haikutaka.

"Tuko watatu," alisema. "Wengine wako pale."

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka, na yeye aliyakumbuka vipande vipande. Wanaume walikuja na kitanda cha kamba, wakambeba Bwana Stavro. Katika nyumba za Majoreni watu walimpaka Mwanafatuma mafuta, wakampa uji mwembamba kwa kijiko, na mkongwe mmoja alimtambua kwa taya zake akamtaja baba yake. Walimwuliza ndege yao iliruka kutoka wapi. Aliposema Tanga, watu walitazamana, maana habari ilikuwa imefika kuwa ndege ya Tanga ilizama baharini na waliokuwamo wamekwishasomewa dua. Alimwuliza kila aliyeinama juu yake kama amesikia lolote la hospitali ya Msambweni. Hakuna aliyesikia.

Walibebwa hadi barabara ya mashamba ya miwa, na huko dereva mmoja aliyeitwa Mramba akawapakia kwenye tela la trekta lake. Alitandaza magunia akaendesha polepole kwenye madimbwi kwa ajili ya mgonjwa. Jumbe alikaa ameegemea ubao wa tela, nyayo zimefungwa matambara. Waliipita minazi, wakaipita shule ambayo watoto wake walikuwa nje wakikimbizana, na bendera mpya imelowa kwenye mlingoti. Kila mmoja alikuwa na swali lile lile, na kulisema wasingeweza.

Hospitalini walimchukua Bwana Stavro moja kwa moja. Alipokuwa akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu alimshika Mwanafatuma kidole, akakiachia pale ukumbi ulipopinda. Mguu wake uliokolewa, ingawa ulibaki mfupi kuliko mwenziwe, na hakurusha ndege tena.

Abdurahman, mume wa Esha, aliwakuta kwenye baraza. Alikuwa kijana mpole wa Msambweni, fundi wa kupaka chokaa, na alipowaona alirudi nyuma hatua moja, kisha akapiga magoti akawashika miguu, jinsi ilivyokuwa na tope. Aliwaambia akiwa pale chini. Esha alipasuliwa siku ile ile ya simu, ndege ilipokuwa bado haijaondoka Tanga. Yeye mzima. Mtoto, wa kiume, hakuvuta pumzi. Walimzika kesho yake.

"Anajua habari zetu?" aliuliza Jumbe.

"Tumemficha. Anajua mto umefurika, basi."

Mwanafatuma alitaka kunawa uso kwanza. Hakuna aliyekumbuka kumletea maji, naye hakusubiri. Waliingia wodini wakifuatana, yeye mbele na Jumbe nyuma akichechemea, na wanawake waliolala vitandani wakawanyanyulia vichwa. Esha alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, amegeukia ukuta. Aligeuka kwa taratibu kwa sababu ya mshono. Aliwatazama tope lao, matambara yao, mkono wa mama yake uliovimba, nyayo za baba yake. Maswali ya kuuliza yalikuwa mengi.

"Mmekuja pamoja?" aliuliza.

Tangu utotoni mwake hakuwahi kuwaona chini ya paa moja. Siku ya harusi yake mmoja alikuja asubuhi, mwingine jioni.

"Tumekuja pamoja," alisema Jumbe.

Hapo ndipo Esha alipolia. Abdurahman alisema baadaye kuwa hakuwa amelia hata mara moja, wala walipomwambia, wala walipomchukua mtoto. Mwanafatuma alipanda kitandani na tope lake lote, akamweka kichwa kifuani, na muuguzi aliyekuja kumkataza akageuka akaenda kushughulika na mengine. Jumbe alisimama miguuni pa kitanda. Mwanafatuma alimtazama juu ya kichwa cha binti yao, akijua kuwa mlango ulikuwa nyuma ya Jumbe na ulikuwa wazi. Jumbe alivuta kibao akaketi, akauweka mkono wake juu ya shuka, pale ilipokuwa miguu ya Esha, akauacha hapo.

Hawakurudiana. Jumbe alikuwa na mke Tanga na watoto wengine, na Mwanafatuma alikuwa na mgahawa wake na uhuru wake aliokwisha kuuzoea. Walikaa Msambweni mpaka Esha alipoweza kutembea, Mwanafatuma akilala sakafuni kando ya kitanda, Jumbe akilala barazani nje. Asubuhi ya kwanza Esha aliamka kabla ya wote, akasema kwa sauti ndogo kuwa ana njaa, na kwamba anatamani uji wa mtama wenye tui. Mwanafatuma alianza kujiinua. Dirishani, kutoka barazani, Jumbe alimwambia alale. Akajifunga vizuri matambara yake miguuni, akaenda kuutafuta.